Wimbo Uliouacha Mlango Wazi

Nyie mnaojifunza tarumbeta, msinionee huruma kwa haya mapengo. Meno ya mbele yakishatoka, mpuliza tarumbeta amestaafu, hakuna mjadala. Mdomo unakosa mahali pa kuegemea, pumzi inatorokea pembeni kama mbuzi kwenye ua uliobomoka. Kwa hiyo kupiga siwezi tena. Ila maneno ninayo, na kuna jambo moja la kazi yetu ambalo sijaona likifundishwa mahali popote. Mnafundishwa namna ya kuutoa wimbo. Wimbo ukishatoka unakwenda kulala nyumba ya nani, hilo hamfundishwi.

Mimi nilifundishwa na Mzee Eliabu, kwetu Old Moshi, kwenye matarumbeta ya usharika. Mnayajua matarumbeta ya kanisa: Jumapili, Krismasi, harusi, na misiba. Hasa misiba. Mzee Eliabu alikuwa fundi viatu, na alikuwa na tabia ya kutokuambia kitu mpaka umekosea kwanza. Mara ya kwanza aliponipeleka msibani nilipuliza kwa nguvu zangu zote, nikitaka mabinti wa kwaya wajue nipo. Tulipomaliza akaniita nyuma ya zizi.

"Leo umemzika nani?" akaniuliza.

Nikamtajia jina la marehemu.

"Hapana. Umejitangaza mwenyewe. Msibani humpigii umati, kijana. Tafuta mfiwa mmoja, mwangalie mabega. Akipumua, puliza. Akikwama, ngoja."

Nilipoacha matarumbeta ya kanisa nikajiunga na bendi ya dansi mjini Moshi, Mzee Eliabu alininunia muda mrefu sana. Tukikutana njiani namwamkia shikamoo, yeye anaitikia huku akiangalia mlima. Halafu siku moja akaja mazoezini, akasimama mlangoni asiingie, akaniita, akanipa kichupa kidogo cha mafuta. "Muziki wenu ni wa kidunia," akasema, "lakini pistoni ni zile zile. Usiziache zikauke." Akaenda zake.

Bendi yetu tuliiita Theluji Jazz. Miaka ile vitu vilikuwa havipatikani, halafu vikaanza kupatikana, halafu vikapatikana mpaka vikatufukuza kazi. Hiyo ndiyo historia ya uchumi kama nilivyoiona mimi. Kwanza nyuzi za besi zikichoka tulizichemsha kwenye sufuria kama makande, zikatoka na sauti mpya kwa muda. Uzi wa gitaa ukikatika tulifunga waya wa breki ya baiskeli. Pistoni nilizilainisha kwa mate, au kwa mafuta ya taa, nikawa nanuka kama kibatari. Baadaye biashara ilipolegezwa, Hamisi, mpiga gitaa la ridhim wetu, akawa anakwenda Tarakea siku ya soko na kurudi na nyuzi mpya zilizotoka upande wa Kenya. Alikuwa anazificha ndani ya kofia. Tulimwambia hakuna anayekukagua tena, Hamisi, zibebe mkononi. Akasema kofia yake imeshazoea.

Lakini ninayetaka kuwaambia habari zake ni Samweli, mwimbaji wetu.

Samweli hakuwa Mchaga. Alikuwa mtu wa Tabora. Baada ya kutoka jeshini alikuja Moshi kumfuata mwanamke, mwanamke akahama, yeye akabaki. Alikuwa amepigana vita vya Kagera. Nyie mmevisoma shuleni, jinsi adui alivyovuka mpaka na vijana wetu wakaenda kumtoa. Vita vilipokwisha nchi nzima iliimba. Kila bendi ilikuwa na wimbo wa kuwapokea mashujaa, na nyingi zilikuwa nyimbo nzuri, zenye mwendo wa gwaride na maneno ya kumcheka adui. Sisi pia tulizipiga. Samweli aliziimba kwa sababu ndiyo kazi, lakini zikifika kwenye kiitikio cha kumcheka adui alikuwa anageuka kutafuta maji ya kunywa, hata kama hana kiu.

Miaka ikapita. Sherehe zikaisha, mabango yakachujuka, watu wakarudi kwenye kahawa yao. Wakati huo ndipo Samweli alipokuja mazoezini na wimbo wake mwenyewe. Ulianza hivi:

Mama, usifunge mlango,
mwanao yuko njiani.
Njia ya Kagera ni ndefu,
na miguu imechoka.

Sehemu ya kwanza ilikuwa polepole, Samweli na tarumbeta yangu tukipokezana peke yetu. Kisha gitaa la solo linaingia, ngoma zinaamka, mwendo unaongezeka, na hapo ndipo tulipopaita penye chemko, pale watu wanapoacha viti. Jumapili mchana tulikuwa na bugi, lile dansi la mchana, ili watu wa milimani wawahi kurudi makwao. Tukiupiga wimbo ule wanaume wazima walivua kofia wakasimama kimya. Chemko likianza wanazivaa tena na kucheza. Sijaona wimbo mwingine uliowafanyia watu hivyo. Redio ikaurekodi, ikaurusha, na nchi nzima ikaujua.

Jumapili moja, tukiwa bado tunasawazisha vyombo kabla ya bugi, akaingia mzee mmoja. Alikuwa amevaa koti juu ya sweta, fimbo mkononi, viatu vimeganda udongo mwekundu wa kule juu. Tukamwamkia kwa pamoja. Akaitikia marahaba, hakukaa.

"Samweli ni nani hapa?"

"Ni mimi, mzee."

"Wewe ndiye uliyemwambia mke wangu asifunge mlango?"

Tukacheka. Nyie mnajua mawazo ya wanamuziki. Samweli mwenyewe akaanza kujitetea kwamba mke wa mzee hata hamfahamu, haki ya Mungu. Mzee hakucheka. Alivuta pumzi, akakohoa kikohozi kirefu cha kifuani, kisha akakaa juu ya boksi la spika na kicheko chetu kikafa chenyewe.

Aliitwa Mzee Aloyce, mkulima wa Kirua Vunjo. Mwanawe Prosper alikwenda Kagera na hakurudi. "Afande mmoja alikuja nyumbani kutuambia," akasema. "Alisema amekufa vitani, amezikwa huko huko pamoja na wenzake. Mama Prosper alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa chai. Akamsindikiza mpaka barabarani. Hakulia. Mpaka leo hajalia. Nikasema sawa, kila mtu na namna yake. Maisha yakaendelea. Halafu ukaja huo wimbo wenu redioni."

"Ikawaje, mzee?" Samweli akauliza.

"Mlango wa nyumba yangu haufungwi. Ameweka jiwe. Nikilitoa analirudisha. Nikiufunga nikalala, nikiamka nakuta uko wazi. Ukungu unaingia mpaka kitandani. Mbwa wa jirani amehamia jikoni kwetu. Mimi nakohoa tangu masika."

"Hukumwambia kwamba ni wimbo tu?"

"Nimemwambia, mwanangu. Ananijibu kwamba aliyeutunga ni mwanajeshi, redio ilisema. Anasema mwanajeshi hawezi kumdanganya mama wa mwenzake."

Hamisi aliinamia gitaa lake akajifanya anakaza uzi. Mimi nilimwangalia Samweli.

"Tutakuja, mzee," akasema. "Nitakuja mimi mwenyewe."

Tulikwenda watatu, Samweli, Hamisi na gitaa kavu lisilotaka umeme, na mimi. Ulikuwa msimu wa baridi, Kirua nzima imefunikwa ukungu, migomba inadondosha maji. Hapa niwaibie siri ya kazi. Baridi hushusha sauti ya tarumbeta na kupandisha sauti ya gitaa, kwa hiyo mkifika mahali kama pale mpuliza na mpiga gitaa wanakuwa kama mtu na mkewe waliogombana, kila mmoja anamwambia mwenzake ndiye aliyehama. Dawa yake ni kuubeba mdomo wa tarumbeta kwapani, ndani ya shati, na kupuliza hewa ya moto ndani ya bomba kimya kimya kabla ya noti ya kwanza. Nilipanda kilima chote kile nimebana kwapa kama mtu mwenye jipu.

Nyumba tuliijua kabla hatujaonyeshwa. Mlango ulikuwa wazi mpaka mwisho, jiwe la mtoni limeuzuia. Mama Prosper alitoka zizini, mama mdogo wa umbo, kilemba kichwani, mikono ina majani ya ng'ombe. Hakutaka tumwamkie tukiwa tumesimama nje kwenye manyunyu. "Ingieni kwanza, ingieni, mtalowa." Akatupa maziwa ya moto, akatukalisha, akamtazama Samweli peke yake.

"Wewe ndiye mwanajeshi."

"Ndiyo, mama."

"Ulimwona wapi?"

"Nani, mama?"

"Prosper. Uliposema yuko njiani, ulikuwa umemwona wapi?"

Samweli alitoka kwenye kiti akakaa sakafuni mbele yake. Nilimjua kama mtu wa maneno mengi, wa kuchekesha ukumbi mzima. Siku ile aliongea kama anayebeba maji yasimwagike.

"Mama, sikumwona. Sikumjua. Tulikuwa wengi mno. Ule wimbo niliutunga kwa ajili ya mama yangu. Nilipotoka vitani sikutuma habari nyumbani. Nilifika mchana wa jua kali nikakuta mlango wazi na chakula kimefunikwa kwa kawa. Majirani wakaniambia amekuwa akifanya hivyo tangu nilipoondoka. Mimi nilirudi, mama. Nikaimba furaha yangu. Sikufikiri kwamba kuna akina mama wengine watakaosikia."

Nje ng'ombe alilia, Mama Prosper wala hakugeuka.

"Mama yako yupo?"

"Alishafariki."

"Pole, mwanangu," akamwambia. Yeye ndiye aliyempa pole.

"Naweza kuyabadilisha maneno," Samweli akasema. "Nitaimba, mama, funga mlango."

"Usiyabadilishe. Wako wengine ambao watoto wao wako njiani kweli."

Mzee Aloyce, aliyekuwa amekaa karibu na moto, akaona nafasi yake imefika. "Basi, Mama Prosper, umesikia kwa masikio yako. Niondoe hilo jiwe?"

"Baba Prosper," akasema yule mama, bila hasira, "mimi najua amekufa. Nilijua tangu yule afande anavua kofia pale uani. Wewe unadhani namngoja aje kula? Lakini kwetu mtu akifa analala hapo." Akaonyesha kwa kidevu, nje, kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kati ya migomba na kahawa. "Baba yako yuko pale. Kitinda mimba wetu yuko pale penye ile miti ya masale. Nikienda kukata majani nawapita, nawasemesha. Prosper yuko wapi? Sijui hata upande alipoelekezwa kichwa. Nikifunga mlango kabla sijajua alipolala, nitakuwa nimemfungia nje."

Mzee Aloyce alichokonoa moto kwa fimbo yake kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

"Sasa mmebeba vyombo vya nini kama hampigi?" Mama Prosper akauliza. "Pigeni nisikie bila redio."

Tukapiga. Hamisi alilegeza nyuzi zake kidogo anifuate, nami nikatoa mdomo wa tarumbeta kwapani. Niliyageukia mabega ya yule mama kama Mzee Eliabu alivyonifundisha, nikapuliza alipopumua, nikangoja alipokwama. Samweli aliimba kwa sauti ya chini, bado yuko sakafuni. Tulipofika mwisho wa sehemu ya polepole tukanyamaza. Tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba chemko tutaliacha. Nyumba ya msiba haichezwi dansi.

"Mbona mmekatiza?" akasema.

"Mama, tuliona si vizuri..."

"Redioni hamkatizi. Pigeni mpaka mwisho. Prosper alikuwa mtu wa kucheza. Alicheza hata akichunga mbuzi."

Hamisi akanitazama, nikamtazama, akaachia mkono. Gitaa kavu moja na tarumbeta moja, ndani ya nyumba ya mbao yenye moshi. Na aliyesimama hakuwa yule mama. Alikuwa Mzee Aloyce, na koti lake, na kikohozi chake. Aliweka fimbo pembeni akaanza kuyumba, mabega kwanza, halafu miguu, akicheza ile mitindo ya zamani ya ujana wao, ya kunyanyua goti na kusubiri. Mama Prosper alishika mdomo. Akacheka. Alicheka mpaka akajishikilia kiti, na katikati ya kicheko kile sauti ikageuka, mabega yakashuka, na mama ambaye hakuwa amelia tangu siku ya yule afande akalia. Mzee wake akaacha kucheza akaenda kumshika. Sisi tukapunguza sauti kidogo kidogo mpaka ikabaki ya moto tu.

Mlango ulibaki wazi tulipoondoka. Niwaambie mapema msije mkahangaika: ulikuja kufungwa. Mama Prosper alipotoka kwenye safari ninayokwenda kuwasimulia, aliliondoa lile jiwe kwa mikono yake kabla hajavua viatu, na Mzee Aloyce aliniapia kwamba usiku huo alilala mpaka jua likampiga usoni. Lakini hiyo ilikuja baadaye, na kabla yake ilibidi kwanza bendi yetu ianze kufa.

Maana ndiyo ilikuwa miaka ya disko. Kanda za nje zilijaa mjini, mashine za muziki zikaingia, na kijana mmoja na kaseti zake akawa anajaza ukumbi tuliokuwa tunaujaza watu kumi na wawili. Mwenye ukumbi akatuletea kinanda cha umeme atuonyeshe maendeleo. Kilikuwa na kitufe kilichoandikwa tarumbeta. Nikakibonyeza. Kikatoa sauti ya nyuki ndani ya kopo. Nikasema hiki hakinitishi. Nilikosea, wanangu. Kilikuwa hakili, hakichoki na hakiombi ruhusa ya kwenda msibani.

Tukaambiwa vijana wanataka chemko tu, tukate sehemu za polepole kwenye nyimbo zote. Nyingine tulikata. Wimbo wa Kagera Samweli alikataa. "Watu wanahitaji muda wa kuvua kofia," akasema.

Ndipo ukaja mwaliko wa kupiga Bukoba kwenye sikukuu. Bendi nzima ilishangilia isipokuwa Samweli. Hakuwa ametia mguu Kagera tangu vita viishe. Kwenye redio alikuwa tayari kuitaja kila wiki, lakini kwenda, hapana. Alisema ana kazi ya kujenga. Alikuwa hana kiwanja. Alisema mafua yanamnyemelea. Tukamwacha. Siku moja akaja mazoezini mapema kuliko wote, akanikuta nafagia.

"Nikienda," akasema, "lori lipitie Kirua kwanza. Hata kama si njia yake."

Ndivyo Theluji Jazz ilivyosafiri kwenda Ziwani na wazee wawili juu ya vyombo. Mama Prosper alikuwa amebeba kikapu cha ndizi za kuchoma na kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, cha kututosha sote, na kando yake, ndani ya ganda la mgomba lililofungwa kwa kamba, mche wa sale na udongo wake wa Kirua. Mnajua kwetu sale ni mti wa heshima, unapandwa penye kaburi na penye mpaka. Kila tulipopumzika aliunywesha maji kutoka kikombe chake, yeye akanywa yaliyobaki. Alimkataza Hamisi kuvuta sigara karibu nao, na Hamisi, ambaye hata mkewe alishindwa kumkataza, alitii. Mzee Aloyce alilala njia nzima ameegemea spika ya besi. Alisema kwa mara ya kwanza ameona faida ya muziki wetu.

Mwanza tukapanda meli. Mama Prosper alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Alisimama kwenye chuma cha pembeni, mkono mmoja kwenye mche wake, kilemba kinapigwa na upepo.

"Prosper alivuka maji yote haya?" akaniuliza.

"Nafikiri walivuka, mama."

"Na hajui kuogelea." Akatikisa kichwa, kama mama aliyesikia utundu wa mwanawe. "Mungu wangu. Na hajui kuogelea."

Kule kwenye makaburi ya wanajeshi waliokufa vitani tulikwenda asubuhi. Ni mahali pasafi, pametulia, makaburi meupe yamepangwa mistari kama wenyewe walivyokuwa wakisimama. Mwanajeshi wa zamu aliuliza jina, akamwamkia mama, akatembea mbele taratibu, akatufikisha. Mzee Aloyce alivua kofia. Mama Prosper aliinama akasoma kwa kidole, herufi moja moja, mpaka akamaliza jina lote. Kisha akageuka kutuhesabu kwa macho.

"Samweli yuko wapi?"

Samweli alikuwa amebaki getini. Nilimwona kwa mbali, amelishika lile geti kwa mikono yote miwili, ametazama chini. Nikataka kwenda mimi. Mama Prosper akanizuia, akarudi mwenyewe ile njia yote, polepole, kwa miguu yake ya kilimani isiyozoea tambarare. Sikusikia aliyomwambia. Niliona tu akimbandua vidole kwenye chuma, mkono mmoja kwanza, halafu wa pili, kama unavyomtoa mtoto aliyeng'ang'ania mlango wa shule. Wakaja wameshikana.

Mama Prosper akapiga magoti penye kaburi, akachimba shimo la mche kwa kisu kidogo cha kukatia ndizi. Yule mwanajeshi wa zamu alitazama pembeni, akawaletea maji kwenye ndoo. Wakati mama anachimba alikuwa anaongea na mwanawe, kwa Kichaga cha Kirua, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamsimulia mtu aliyekaa upande wa pili wa jiko. Kichaga cha Old Moshi na cha Kirua havifanani sana, lakini nilimfuata. Alimwambia ng'ombe mwekundu amezaa jike. Alimwambia dada yake ameolewa Uru, mume mpole, hanywi sana. Alimwambia kahawa haina bei, baba yako ameng'oa upande wa chini akapanda nyanya, nilimkataza hakusikia, nyanya zimekubali, sasa haongeleki. Mzee Aloyce aliitikia mhm, kofia kifuani, akithibitisha.

Mche uliposimama, Mama Prosper alimvuta Samweli mkono akapiga magoti naye. Akabadilisha lugha, akaongea Kiswahili, nadhani ili Samweli naye asikie.

"Prosper, huyu ni Samweli. Ni ndugu yako wa huku. Yeye alirudi." Alishindilia udongo kwa kiganja, akaushindilia tena. "Alirudi kwa mama yake. Usimwonee wivu. Na wewe, Samweli, acha kujionea haya kwa kurudi. Kuna mama alifurahi."

Samweli alilia kwa sauti, mtu mzima, mkono wake ukiwa umezama kwenye udongo ule. Mama Prosper hakumnyamazisha. Alimwagilia mche, akamnawisha Samweli mikono kwa maji yaliyobaki, kidole kwa kidole, akajifuta magoti, akasimama.

"Haya," akasema. "Hiyo shughuli yenu inaanza saa ngapi? Mimi nataka kukaa mbele."

Na mbele ndiko alikokaa, uwanjani, kwenye jua la Bukoba, na sweta lake la Kirua hakulivua.